Chaji inaingia, kipakatalishi hakiwaki: Tatizo liko wapi?

NI taa ndogo tu, pengine nyeupe, pengine ya rangi ya machungwa, lakini imewapa wengi matumaini ya bure. Kipakatalishi kimeunganishwa na umeme, taa ya chaji inawaka kama kawaida, ila mwenyewe abonyezapo kitufe cha kuwashia, hakuna kinachotukia. Skrini inabaki nyeusi tititi.

Mjini Machakos, masaibu haya huwapata wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Machakos katika majuma ya kuwasilisha ripoti za utafiti, walimu wanaotayarisha mitihani, waweka hazina wa vyama vya akiba na wenye vibanda vya intaneti wanaowajazia wananchi fomu za ushuru kabla ya makataa ya Juni 30. Kwa wote hao, kinachohofiwa zaidi si kupotea kwa chombo chenyewe. Kazi ya miezi mingi imefungiwa humo ndani.

Katika hali hiyo ya wasiwasi, mtu hukimbilia kibanda cha kwanza cha fundi, na akiambiwa kwamba ubao mkuu wa mtambo "umekufa," hukubali kuuuza kwa bei ya vipuri. Uamuzi kama huo aghalabu huwa wa pupa. Mara nyingi kasoro huwa ndogo kuliko inavyodhaniwa, na zipo hatua kadhaa ambazo mwenye chombo anaweza kuzichukua nyumbani bila kutumia hata shilingi moja. La muhimu ni kuzifuata kwa mpangilio: zianze zile za bure na zisizo na madhara, kisha zije zile zinazohitaji bisibisi, na mwisho kabisa zile zinazohitaji fundi.

TAA YA CHAJI INASEMA NINI

Ili kuelewa mpangilio huo, inafaa kwanza kujua maana ya taa yenyewe. Chaja hupokea umeme wa volti 240 kutoka kwenye soketi ya ukutani na kuupunguza hadi, kwa vipakatalishi vingi, volti 19 au 20. Umeme huo huingia katika sehemu ya ubao mkuu inayoshughulikia chaji. Sehemu hiyo hufanya kazi hata mtambo ukiwa umezimwa, na ndiyo sababu betri hujaa usiku mwenyewe akiwa amelala. Taa ikiwaka, inatoa habari moja tu: kwamba umeme umefika mlangoni. Haielezi lolote kuhusu vyumba vya ndani.

Kuwaka ni safari nyingine kabisa. Kitufe cha kipakatalishi hakifanani na swichi ya taa ya nyumbani, ambayo huunganisha umeme moja kwa moja. Kinachofanywa na kitufe hicho ni kupeleka ombi kwa kidhibiti kidogo kilicho macho wakati wote. Kidhibiti hicho hukagua hali ya betri na chaja, kisha hufungua njia za umeme moja baada ya nyingine. Hapo prosesa, yaani ubongo wa mtambo, huamka na kusoma programu ya uanzishaji iitwayo baiosi. Programu hiyo hukagua kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita ramu, huwasha skrini na hatimaye kuuita mfumo endeshi, kama vile Windows, kutoka kwenye diski.

Ombi linaweza kukwama katika kituo chochote cha safari hiyo. Kwa mwenye chombo matokeo huonekana kuwa yale yale, yaani skrini nyeusi. Hata hivyo, kila kituo kina dalili zake, na anayezitambua hupunguza kazi ya kutafuta kasoro kwa kiasi kikubwa.

KIMEZIMIKA AU KIMEFUMBA MACHO?

Swali la kwanza la kujiuliza ni iwapo kweli mtambo haujawaka. Mtumiaji atafute mahali palipo kimya, abonyeze kitufe mara moja, kisha asikilize. Je, feni inavuma, hata kwa sekunde chache? Je, taa za kibodi zimewaka? Akibonyeza kitufe cha Caps Lock, taa yake inawaka na kuzimika? Je, baada ya dakika tano upande wa chini umepata joto?

Iwapo mojawapo ya dalili hizo ipo, basi mtambo umewaka na huenda kilichokosekana ni picha tu. Kwanza, aongeze mwangaza wa skrini kwa vitufe vilivyowekwa kwa kazi hiyo, kwani kuna wanaouzima kabisa bila kukusudia. Pili, kwenye mitambo ya Windows, abonyeze kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B. Kitendo hicho huanzisha upya programu inayoendesha picha. Tatu, azime taa za chumbani na kumulika skrini kwa tochi ya simu kutoka upande. Picha hafifu ikionekana, mwanga wa nyuma ya skrini ndio uliokufa.

Jaribio la nne ndilo lenye uhakika zaidi: kuunganisha kipakatalishi na televisheni au skrini nyingine kwa kebo ya HDMI. Picha ikitokea huko, ubao mkuu, kumbukumbu na diski vyote vinafanya kazi. Kilichoharibika ni skrini au kebo yake, ambayo hupita kwenye bawaba na kuchoka kutokana na kufunguliwa na kufungwa kila siku. Mwenye chombo hana sababu ya kukubali kubadilishiwa ubao mkuu katika hali hiyo. Zaidi ya hayo, anaweza kunakili kazi zake zote siku hiyo hiyo akitumia televisheni.

KUONDOA UMEME ULIOSALIA

Ikiwa hakuna sauti, joto wala taa nyingine isipokuwa ile ya chaji, hatua inayofuata ni kuondoa umeme uliosalia ndani. Kidhibiti kilichotajwa hapo awali ni tarakilishi ndogo kivyake, nacho huweza kuganda kama simu inavyoganda. Jambo hili hutokea hasa pale umeme unapokatika na kurudi ghafla, au mtambo unaposhindwa kuamka baada ya kulazwa. Kwa kuwa kidhibiti hakizimwi kamwe maadamu kuna betri, kitabaki kimeganda na kuendelea kupuuza kitufe.

Dawa yake ni rahisi. Chaja ichomolewe. Viondolewe pia vifaa vyote vya pembeni: kipanya, diski za USB, kadi za kumbukumbu na kebo ya printa. Kama betri ni ya kutolewa, itolewe. Kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe na kushikiliwa kwa muda wa nusu dakika hivi. Baada ya hapo chaja irudishwe peke yake, bila betri, na mtambo ujaribiwe. Ukiwaka, izimwe, betri irudishwe na kujaribiwa tena. Iwapo unakataa kila betri inaporudishwa, mkosaji amejulikana.

Vipakatalishi vingi vya miaka ya karibuni vina betri iliyofungiwa ndani. Kwa hivyo, kushikilia kitufe baada ya kuondoa chaja ndiko kunakofaa. Baadhi ya mitambo ya ThinkPad ina tundu dogo upande wa chini. Ncha ya klipu ya karatasi ikiingizwa humo kwa upole huku chaja ikiwa imeondolewa, kidhibiti huanza upya. Kwa MacBook zenye prosesa za Intel, kampuni ya Apple imeweka utaratibu wake wa kubonyeza vitufe kadhaa kwa pamoja, ilhali zile zenye prosesa za Apple yenyewe huhitaji tu kuzimwa, kusubiri nusu dakika na kuwashwa.

Vilevile, subira ni dawa. Betri iliyokaa likizo nzima bila kuchajiwa huweza kushuka mno kiasi kwamba chaja huanza kuilisha kwa umeme mdogo sana. Taa huwaka, lakini nguvu za kuanzisha mtambo hazijapatikana. Afadhali kuuacha kwenye chaji kwa nusu saa au saa nzima kabla ya kubonyeza lolote, kuliko kubonyeza mara hamsini.

CHAJA YA KUAZIMA

Chanzo kingine ambacho watu hukisahau ni chaja yenyewe. Taa kuwaka hakuthibitishi kwamba chaja inatoa umeme wa kutosha. Kipakatalishi kinaweza kuhitaji wati 65 au 90, huku chaja iliyonunuliwa kwa bei nafuu au kuazimwa kwa jirani ikitoa wati 45 pekee. Katika enzi hii ya chaja za USB-C, wapo wanaochomeka chaja ya simu wakaona taa inawaka na kuamini kwamba yote ni sawa. Betri ikiwa tupu, umeme huo hautoshi kuamsha prosesa.

Kabla ya kununua chaja nyingine, mtumiaji asome maandishi yaliyo chini ya kipakatalishi na yale yaliyo kwenye chaja. Kwa chaja za kawaida, volti sharti zilingane; ampea za chaja zaweza kuwa sawa au zaidi ya zile zinazohitajika, lakini zisipungue. Baadhi ya kampuni, kama vile Dell, zimeweka pini ya katikati inayoitambulisha chaja kwa mtambo. Pini hiyo ikipinda au chaja ikiwa bandia, mtambo huweza kulalamika, kupunguza kasi au kukataa kuchaji betri.

Umeme wa nyumbani nao una lawama zake. Wakenya hawajasahau Agosti 25, 2023, umeme ulipopotea karibu kote nchini kwa saa nyingi. Mbali na giza kubwa kama hilo, kuna kukatika kwa kila mara vijijini na mitaani. Hatari kubwa zaidi mara nyingi huwa dakika umeme unaporejea kwa kishindo kuliko wakati wa giza lenyewe. Ni busara kuchomoa chaja stima inapopotea na kusubiri dakika chache baada ya kurejea. Soketi za kuunganishia zilizolegea, ambazo hufanya taa ya chaji ipepese, zafaa kutupwa bila huruma.

VUMBI, CHAI NA KUMBUKUMBU

Ukambani ni eneo lenye misimu mirefu ya ukavu, na vumbi la barabara za udongo huingia kila mahali. Ndani ya kipakatalishi, vumbi hujikusanya kwenye feni na matundu ya kupitishia hewa hadi likawa kama blanketi. Prosesa ikipata joto kupita kiasi, mtambo hujizima wenyewe ili kuilinda. Dalili ya tatizo hili ni mtambo unaowaka kwa dakika moja au mbili na kuzimika, kisha kukataa kuwaka mpaka upoe. Kusafishwa kwake ni kazi ndogo kwa fundi.

Kumbukumbu ya kazi iliyolegea ni sababu nyingine, hasa kwa mtambo ulioanguka au uliosafiri sana ndani ya mkoba kwenye matatu. Hapa mtambo huwaka taa, feni huvuma, lakini skrini hubaki nyeusi. Mingi hutoa ishara: mlio wa kukatika-katika au taa inayomweka mara kadhaa na kutua. Mpangilio wa ishara hizo ni lugha ya kampuni husika, na maana yake hutofautiana kutoka aina moja hadi nyingine. Jambo la busara ni kuzirekodi kwa simu, kisha kuzilinganisha na mwongozo wa aina hiyo ya mtambo au kumwonyesha fundi.

Mwenye ujasiri na bisibisi ndogo anaweza kufungua kifuniko, mradi mtambo umeondolewa chaja na betri, na awe ameshika kwanza kitu cha chuma ili kuondoa umemetuli mwilini. Vipande vya kumbukumbu vitolewe na kurudishwa hadi viingie barabara. Kama ni viwili, vijaribiwe kimoja kimoja. Ifahamike kwamba katika mitambo mingi myembamba, kumbukumbu imelehemiwa kwenye ubao, na hakuna cha kutoa.

Baiosi pia huweza kuharibika, hususan umeme ukikatika programu hiyo ikisasishwa. Baadhi ya kampuni zimeweka njia ya kuirejesha. Kwa mitambo mingi ya HP, kwa mfano, vitufe vya Windows na B hushikiliwa pamoja na kile cha kuwashia kwa sekunde mbili au tatu, kisha cha kuwashia huachiliwa huku viwili vya kwanza vikiendelea kushikiliwa.

Suala la vimiminika linahitaji tahadhari. Kipakatalishi kilichomwagikiwa chai yenye maziwa na sukari huweza kufanya kazi kwa siku kadhaa kabla ya kutu kuanza kula nyaya za ubao, kisha siku moja kikabaki na taa ya chaji pekee. Mara tu kinapomwagikiwa, kizimwe, kichomolewe, kigeuzwe kifudifudi na kupelekwa kwa fundi kikiwa kimezimwa. Imani ya kukifukia kwenye mchele haina msingi: mchele haufikii unyevu uliojificha chini ya vipuri, na huacha unga.

Kuna dalili moja ambayo haina mjadala. Iwapo kifuniko cha chini kimefura, au sehemu ya kusogezea kishale imeinuka, betri imevimba. Majaribio yote yasimamishwe papo hapo na chaja iondolewe. Betri ya lithiamu iliyovimba ikitobolewa au kushinikizwa huweza kulipuka moto. Isitupwe kwenye shimo la taka wala kuchomwa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawabebesha watengenezaji na waagizaji wajibu wa bidhaa zao zinapogeuka taka, na jijini Nairobi kuna kituo cha WEEE Centre kinachopokea taka za kielektroniki.

KWA FUNDI, ULIZA KWANZA

Hatua hizo zote zikishindikana, ndipo safari ya kwa fundi huanza. Fundi aliyehitimu hatakata kauli kwa kutazama tu. Huunganisha mtambo na kifaa kinachoonyesha kiasi cha umeme unaovutwa, kisha hubonyeza kitufe. Kipimo kisiposogea kabisa, ombi la kitufe halifiki. Kikipanda na kuanguka, huenda kipuri kimojawapo kina shoti. Kikipanda na kukwama, pengine kumbukumbu au baiosi ndiyo yenye kasoro. Ni kazi ya dakika chache, nayo ndiyo inayotenganisha utambuzi na ubahatishaji.

Kwa hivyo, anayeambiwa kwamba ubao umekufa ana haki ya kuuliza: umepima nini, na umepata nini? Mara nyingi kilichoungua ni kipuri kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho fundi mwenye vifaa vya kulehemu huweza kukibadilisha bila kugusa ubao mzima. Kazi ya aina hiyo haipatikani katika kila kibanda, na baadhi ya mitambo ya Machakos huishia kusafirishwa hadi barabara ya Luthuli, Nairobi, umbali wa kilomita zipatazo 60. Mwenye chombo afahamishwe kinakopelekwa na atakayewajibika kikipotea.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati, na msingi wake ni kwamba mteja apewe makadirio ya gharama kabla ya kazi kuanza. Hata pale fundi ni rafiki, karatasi moja yenye tarehe, nambari ya mtambo, vipuri vilivyomo na kiasi walichoafikiana huepusha ugomvi mwingi. Vipuri vilivyobadilishwa vitakwe virudishwe.

OKOA KAZI KWANZA

Lililo muhimu kuliko yote ni kukumbuka kwamba mtambo na kazi iliyomo ni vitu viwili. Kushindwa kuwaka hakumaanishi kwamba maandishi, picha na hesabu vimepotea. Katika vipakatalishi vingi, diski huweza kutolewa, kuwekwa ndani ya kijalada cha USB na kusomwa kwenye tarakilishi nyingine. Mwanafunzi aliyebakiza siku mbili kuwasilisha ripoti anapaswa kuomba huduma hii kwanza, na matengenezo yafuate baadaye. Fundi asiruhusiwe kufuta diski au kuweka Windows upya kabla kazi haijanakililiwa. Kwa tatizo la mtambo usiowaka kabisa, kuweka Windows upya hakusaidii kitu.

Kuna vizingiti viwili. Katika baadhi ya mitambo, zikiwemo MacBook za miaka ya karibuni, hifadhi imelehemiwa kwenye ubao na haiwezi kutolewa. Katika mingine, hasa yenye Windows 11, diski huwa imefungwa kwa msimbo wa siri bila mwenyewe kujua. Diski hiyo ikihamishwa, au ubao ukibadilishwa, mtambo huweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida ufunguo huo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye chombo. Ni vyema kuutafuta na kuunakili kwenye daftari sasa, wakati kila kitu bado kinafanya kazi.

Faragha nayo isisahauliwe. Mwenye kibanda aliyehifadhi nakala za vitambulisho vya wateja, au mwalimu aliyeweka rekodi za wanafunzi, anabeba wajibu chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hata mtambo wake ukiwa mezani kwa fundi. Panapowezekana, atoe diski na kubaki nayo. Fundi anaweza kuitafuta hitilafu ya umeme bila kuwa nayo.

Kwa ambao vipakatalishi vyao bado vinawaka, kinga ni nafuu kuliko tiba. Nakala ya kazi muhimu ihifadhiwe kila juma mahali pawili, kwa mfano kwenye diski ya USB na kwenye hifadhi ya intaneti. Anayefanya hivyo, siku taa ya chaji itakapowaka peke yake, atakuwa na tatizo la chombo tu, na chombo hutengenezeka.